Kumrudisha kijana kwenye besiboli baada ya ajali kubwa: miguu kwanza, mkono baadaye

Julai 1937, katika mechi ya nyota mjini Washington, Earl Averill aliupiga mpira ukaenda moja kwa moja kwenye mguu wa Dizzy Dean na kumvunja kidole. Dean alikuwa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, wa timu ya St. Louis Cardinals, mtu aliyeshinda mechi 30 katika msimu mmoja wa 1934. Kidole cha mguu tu, mtu angesema. Akarudi uwanjani kabla hakijapona, akawa anakanyaga huku anakikwepa, mrusho wake ukabadilika, na kilichoharibika kikawa mkono, ambao mpira haukuwa umeugusa kabisa. Dean wa zamani hakuonekana tena.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kosa lile hurudiwa karibu kila kijana anapotoka hospitali. Amevunjika mguu, mkono ni mzima, basi anakaa kwenye kiti na kuanza kurusha mpira ukutani "ili asisahau". Mkono mzima ndio ulio hatarini zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mrusho hutoka kwenye miguu, nyonga na kiwiliwili. Vikikosekana hivyo, bega na kiwiko hulipa deni.

Mwongozo huu ni wa mzazi na kocha wa kijana wa miaka 12 hadi 18 hivi, aliyepata ajali ya bodaboda, ya gari, ya kuanguka au ya mpira wenyewe. Wengine mko Dar es Salaam au Kampala, ambako mchezo huu unachezwa na shule chache na kila mchezaji anajulikana kwa jina. Wengine mko Ohio au Minnesota, na mwanao alijiunga na timu kwa kuwa wenzake wote darasani wanacheza. Mwili ni uleule. Kinachotofautiana ni nani wa kumuuliza.

Kabla ya yote: karatasi ya daktari

Daktari akisema "mfupa umeunga", wazazi wengi husikia "anaweza kucheza". Hayo ni mambo mawili. Mfupa ulioonekana umeunga kwenye eksirei unaweza kubeba mwili wa kijana anayetembea kwenda shule, lakini bado hauwezi kusimama ghafla baada ya kukimbia kasi. Paja lililovunjika ni la miezi, hata kwa mtoto anayepona haraka.

Nenda na maswali yaliyoandikwa, na uombe majibu yaandikwe pia. Je, mfupa ulivunjika kwenye ile sehemu laini ya ukuaji iliyo karibu na ncha? Kijana anayeendelea kurefuka anayo, na ikijeruhiwa mguu unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi, hivyo kuna picha za ufuatiliaji zinazotakiwa hata kama hasikii maumivu. Je, vyuma alivyowekwa vitabaki au vitatolewa, na lini? Je, tumboni kulikuwa na jeraha la wengu, ini au figo? Watu husahau hili kwa sababu kwa nje hakuna kovu, lakini wengu uliopasuka haupaswi kukutana na mpira wala goti la mtu mpaka daktari atoe ruhusa. Mwisho, kuna kitu chochote anachokatazwa moja kwa moja?

Na neno moja kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki. Bibi atataka mguu ukandwe kwa maji ya moto na kuvutwa. Mheshimu bibi, lakini mfupa mbichi haukandwi wala kuvutwa. Unaweza kuhama mahali daktari alipouweka. Hogo (plasta ngumu ya mfupa) likishatolewa, mguu utakuwa mwembamba, mkavu na mgumu kukunja. Hiyo ni kawaida. Dawa yake ni mazoezi tiba ya kila siku kwa utaratibu wa mtaalamu, na kazi kubwa itafanyika nyumbani, kwa sababu miadi ya kliniki huwa ni mara chache kwa wiki. Mwombe mtaalamu aonyeshe kila zoezi, ulirekodi kwa simu.

Kichwa hutangulia mifupa

Ajali iliyovunja mguu mara nyingi ilitikisa na kichwa, na katika vurugu za siku ile kila mtu alikuwa anatazama mguu. Muulize kijana wazi: kichwa kinauma ukisoma? Mwanga unakusumbua? Unasahau ulichoambiwa asubuhi? Usingizi umebadilika? Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye picha za kawaida, na hakuna haja ya kuzimia ili uwe nao.

Utaratibu unaokubalika kimataifa una ngazi sita. Baada ya siku moja au mbili za kupumzika kiasi, kijana hurudia shughuli za kawaida za nyumbani. Halafu mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo: kutembea kwa kasi, baiskeli ya kusimama. Halafu mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, bila hatari ya kugongwa. Ngazi ya nne ni mazoezi magumu zaidi pamoja na wenzake, ya tano mazoezi kamili, ya sita mechi. Kila ngazi ichukue angalau saa 24, na dalili zikizidi anashuka ngazi moja. Kabla ya kuingia ya nne, dalili ziwe zimekwisha na daktari awe ameruhusu. Darasani arudi kikamilifu kabla ya mechi. Mtoto asiyeweza kumaliza kipindi cha hesabu bila kuumwa kichwa hawezi kuusoma mpira unaokuja.

Walioko Marekani, majimbo yote yana sheria kuhusu jambo hili: mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko huondolewa uwanjani, na kurudi kwake kunahitaji ruhusa ya mtaalamu wa afya. Usione shule inakusumbua. Na kokote ulipo, akianza kutapika tena na tena, kusinzia kusiko kwa kawaida, kupata degedege, kuchanganyikiwa au kichwa kuuma kwa kuzidi, ni hospitali usiku huohuo.

Miguu na kiwiliwili

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo watu wanapokimbilia kupita. Kijana amechoka kukaa, kocha anamhitaji, mzazi anataka kuona tabasamu. Mzuie.

Anza na kutembea bila kuchechemea. Inaonekana jambo dogo, lakini mwambie atembee mbele yako akienda na kurudi mara kadhaa huku unazungumza naye mambo mengine, maana akijua unamtazama atatembea vizuri kwa makusudi. Sikiliza nyayo: mguu mmoja ukipiga chini kwa sauti nzito kuliko mwingine, bado anauficha ule wa ajali. Magongo ameyaweka pembeni, ila mwili bado unayategemea.

Kisha kuchuchumaa kwa mguu mmoja. Simama mbele yake, si pembeni. Mwambie asimame kwa mguu uliopona, mikono kiunoni, ashuke taratibu kama anayetaka kukaa kwenye stuli kisha apande. Tazama goti. Likiporomoka kuelekea ndani, likavuka usawa wa kidole gumba, au nyonga ya upande wa pili ikashuka, misuli ya nyonga haijarudi. Sasa fikiria mrushaji: hukanyaga kwa mguu wa mbele na kuusimamisha mwili wote juu yake ndani ya sekunde isiyofika moja. Goti linaloyumba kwenye zoezi la polepole sebuleni litayumba zaidi kwenye tuta, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, na mkono utalazimika kurekebisha mrusho kila mara.

Ongeza kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja, daraja la nyonga (kuinua nyonga juu) akiwa amelala chali, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, na kuzungusha kiwiliwili akiwa ameshika mpira mzito kiasi. Hakuna haja ya jimu. Ngazi ya nyumba, taulo na begi la shule lenye vitabu vinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Kipimo ambacho wataalamu wengi hutumia ni kuruka kwa mguu mmoja. Piga mstari chini, aruke mbele kwa mguu mzima na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba, pima. Kisha mguu wa ajali. Ukifika angalau asilimia 90 ya ule mzima, na kutua kwake kukiwa kutulivu, mlango unafunguka. Mguu mzima ukiruka mita 1.5, ule mwingine ufike mita 1.35. Chini ya hapo, endelea na mazoezi na uache kuhesabu mechi anazokosa. Zoezi hili lisifanyike bila ruhusa ya daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba, hasa kwa mwenye vyuma.

Chakula na usingizi nitavipitia haraka kwa kuwa mnavijua: mayai, maharage, samaki, maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambao wana kalisi nyingi kwa bei ndogo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Simu ilale sebuleni.

Kurudisha mkono

Hata kama mkono haukuguswa, umekaa miezi bila kurusha, na misuli inayoshika bega imelegea. Kabla ya kurusha mpira kuna wiki mbili tatu za kamba ya raba inayovutika: kuvuta nje, kuvuta ndani, kurudisha mabega nyuma. Kama mkono wenyewe ndio uliovunjika, kiwiko na bega viwe vinakunjuka na kuzunguka sawa na upande wa pili, bila maumivu, kabla ya mrusho wa kwanza.

Kisha programu ya hatua, ambayo hutumika sana kwa warushaji wanaorudi. Anarusha siku moja, anapumzika siku moja, wala hazidishi siku tatu kwa wiki. Umbali wa kwanza ni mita 14. Apashe mwili kwanza mpaka jasho litoke, kwa sababu mtu hurusha akiwa amepata joto, harushi ili apate joto. Halafu mirusho ya taratibu ya kuzoea, mirusho 25, apumzike dakika tano hadi kumi, mirusho 25 tena. Siku ya pili ya umbali huo, seti ziwe tatu za 25. Ikipita salama, asogee mita 18, kisha 27, kisha 37, kwa mtindo uleule. Wakubwa wanaocheza uwanja kamili huendelea hadi 46 na 55. Kijana wa miaka 12 kwenye uwanja mdogo, ambako besi (vituo anavyopita mkimbiaji) zimepishana mita 18 na kidogo, hana sababu ya kufika huko.

Mrusho uwe na upinde kidogo na hatua ya kuruka mbele kabla ya kuachia, ili miguu ishiriki. Simama upande wa mkono anaorushia na utazame kiwiko: mirusho ya kwanza kiko usawa wa bega. Kikianza kushuka chini ya bega, au mipira ikaanza kupita juu ya kichwa cha mdakaji mmoja baada ya mwingine, kazi ya siku hiyo imeisha, hata kama mirusho imebaki kumi na yeye anaapa hajachoka. Utafiti wa Marekani ulikuta kwamba warushaji vijana waliozoea kurusha wakiwa wamechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji.

Maumivu yana kanuni zake, na hizi ziandikwe kwenye karatasi ndani ya begi la glovu:

- Hakuna maumivu: siku inayofuata ya kurusha anapanda hatua moja.
- Mkono unauma wakati wa kupasha lakini maumivu yanakwisha ndani ya mirusho 15 ya kwanza: anarudia hatua iliyopita. Yakijirudia katikati, anaacha, anapumzika siku mbili na kushuka hatua moja.
- Maumivu hayaishi ndani ya mirusho 15: anaacha hapohapo, siku mbili za kupumzika, anashuka hatua moja.
- Unauma zaidi ya saa moja baada ya kurusha, au kesho yake: siku moja ya kupumzika, kisha anarudia hatua ileile.

Maumivu makali ya upande wa ndani wa kiwiko, ganzi kwenye kidole cha mwisho, au bega linalohisi kama linatoka, hayamo kwenye kanuni hizi. Hayo ni ya daktari. Na asimezeshwe dawa ya maumivu ili amalize mazoezi. Ukiyanyamazisha, kanuni zote nne hazina kazi.

Tuta huja mwisho kabisa. Aanze kwenye ardhi tambarare kwa mipira iliyonyooka tu, nusu ya nguvu, kisha robo tatu. Mipira ya kupinda isubiri.

Kupiga, na hofu ya mpira

Kupiga kunaweza kuanza mapema kuliko kurusha, ikiwa miguu imeruhusiwa kuzunguka. Fimbo bila mpira, kisha mpira uliowekwa kwenye stendi, kisha unaorushwa polepole kutoka pembeni, kisha kutoka mbele, ndipo mrushaji wa kweli. Kila daraja lipewe siku zake, na usichanganye siku ngumu ya kupiga na siku ngumu ya kurusha.

Kama ajali ilikuwa ya mpira usoni, au gari lilimjia kwa mbele, kuna jambo lingine. Tony Conigliaro wa Boston Red Sox alikuwa na miaka 22 alipopigwa na mpira kwenye shavu la kushoto, tarehe 18 Agosti 1967. Helmeti yake haikuwa na kifuniko cha sikio. Alikosa msimu wote wa 1968, akarudi 1969, na 1970 akapiga mipira 36 ya kumaliza besi zote kwa pigo moja (home run). Watu wakasema amepona. Macho hayakuwa yamepona. Uoni ukazorota tena, na 1971 akaacha. Kwa hiyo jeraha lolote la uso au kichwa lifuatwe na kipimo kamili cha macho, siyo kusoma herufi ukutani tu, na kipimo kirudiwe hata akiwa anacheza vizuri. Helmeti iwe na kinga ya taya.

Hofu utaiona kwenye mguu wa mbele. Mpigaji anayeogopa hukanyaga nje, mbali na mpira, kabla mpira haujafika. Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Rudi kwenye mipira ya tenisi: mrushie polepole, yeye ataje kwa sauti tu kama ni ya kupiga au ya kuacha, bila kupeleka fimbo. Kisha mrushie mmoja mmoja karibu na mwili ajifunze kugeuka, kidevu kikiingia begani na mgongo ukipokea. Anayejua namna ya kugongwa huacha kukimbia. Asipolala usiku, akishtuka kwa kila honi au akikataa kabisa kuizungumzia ajali, atafutiwe mshauri nasaha. Kocha asijifanye daktari wa roho.

Kukimbia na kuserereka

Aanze mstari ulionyooka, nusu kasi. Kisha kukata kona ya besi, ambako mguu wa ndani hubeba mzigo wa ajabu. Kisha kuanza na kusimama kwa amri. Kuserereka, yaani kuteleza chini ili kuifikia besi, kuje baada ya vyote, kwanza kwenye nyasi zenye maji au turubai lililolowa, bila viatu vya meno. Kichwa mbele, hapana. Kwa mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mirusho, ongeza kuchuchumaa: anza na dakika chache kwa mazoezi, na usimrudishe nafasi hiyo kabla ya nafasi nyingine zote.

Mechi

Mechi ya kwanza acheze besi ya kwanza au awe mpigaji tu, awamu (inning) mbili au tatu. Zungumza na kocha kabla, mbele ya kijana mwenyewe, mkubaliane idadi ili dakika ya mwisho asiwe yeye anayelazimika kusema "nitoe".

Akirudi kwenye tuta, hesabu mirusho. Mwongozo wa Pitch Smart wa ligi kuu ya Marekani na USA Baseball unaweka ukomo wa siku: 85 kwa miaka 11 na 12, 95 kwa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa miaka 17 na 18. Hivyo ni vipimo vya mwili usiotoka hospitali. Kwa mwezi wa kwanza mimi ningeanza na 20, na nisingevuka nusu ya ukomo. Wa miaka 14 au chini akirusha 21 hadi 35, apumzike siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. Na kama anachezea timu mbili, daftari la hesabu liwe moja na lishikwe na mzazi.

Kuna pia asiyeweza kurudi kama alivyokuwa. Monty Stratton wa Chicago White Sox alijipiga risasi kwa bahati mbaya akiwinda mwaka 1938, akakatwa mguu wa kulia. Mwaka 1946 alishinda mechi 18 kwenye ligi ndogo akirusha kwa mguu bandia. Little League, shirika la ligi za watoto la Marekani, nayo imekuwa na kitengo cha Challenger kwa watoto wenye ulemavu tangu 1989. Kwa walioko Tanzania, viungo bandia na mafunzo yake viko hospitali ya KCMC Moshi, kwenye TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia. Mguu bandia wa kijana anayekua hubana haraka, hivyo panga vipimo vipya mapema, kabla kidonda hakijaanza.

Jambo la mwisho ni la wenye vyuma. Vikitolewa mwaka mmoja au miwili baadaye, kijana atakuwa anacheza kama zamani na kila mtu amesahau. Matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa muda, hivyo mwulize daktari ni wiki ngapi za kutokimbia wala kuruka, na baada ya hapo aanze upya kwenye kuchuchumaa kwa mguu mmoja na kipimo cha kuruka. Mita 14 zitamsubiri.